Geuza Kiti Kabla ya Kukikalia: Niliyoyapitia na Buibui Nyumbani Kwetu Kisumu

Mwaka 2024 buibui alishtakiwa mara mbili nyumbani kwangu. Mara ya kwanza hakuwa na hatia, nasi tulitumia zaidi ya shilingi 11,000 kumwadhibu kwa kosa la mdudu mwingine kabisa. Mara ya pili ndiye aliyetenda, lakini hakuna aliyemtambua, ingawa alikuwa amekaa barazani kwetu kwa miezi kadhaa tukimpita asubuhi na jioni. Katika matukio hayo mawili nilimpaka mwanangu vitu visivyomfaa na kumwacha akajisugua mpaka jicho likavimba, kisha nikamfunga mama mkwe wangu mkono kwa kitambaa mpaka vidole vikabadilika rangi. Nimeamua kuyaandika yote, pamoja na makosa yangu na fedha zilizotutoka, kwa sababu nawaona majirani wakishika njia ile ile niliyoishika mimi.

Tulihamia Kisumu kutoka Nakuru Januari mwaka huo, nilipopata uhamisho wa kikazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Mume wangu alibaki Nakuru na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo maamuzi mengi nitakayoyasimulia niliyafanya peke yangu, mara nyingi usiku, huku mtoto analia. Nyumba tuliyopanga iko upande wa Mamboleo, ina paa la mabati, dari ya mbao nyembamba na matundu ya hewa juu ya kila dirisha. Nakuru tulizoea kufunga madirisha mapema kwa sababu ya baridi. Kisumu joto hukulazimisha kuyaacha wazi, na taa ya baraza tuliiacha iwake mpaka alfajiri kwa ajili ya usalama. Anayeishi karibu na ziwa anajua taa ya namna hiyo hufanya nini: visubi huinuka kutoka majini kama moshi, hujibandika ukutani kwa maelfu, na asubuhi unawafagia kama majivu. Penye chakula kingi hivyo buibui hawakosi. Kabla ya mwezi kuisha kila pembe ya baraza ilikuwa na tandabui, nami sikuwa na uwezo wa kutofautisha buibui huyu na yule. Wote niliwaogopa kwa kiasi kimoja.

Tukio la kwanza lilitukuta mwezi wa Aprili, wakati wa mvua kubwa za masika zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi, hata shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zikachelewa mpaka 13 Mei. Mwanangu, aliyekuwa na miaka 7, aliamka asubuhi moja akiwa na mstari mwekundu shingoni, mithili ya alama ya fimbo. Kesho yake mstari ule ulikuwa umejaa malengelenge madogo, na kwenye kikunjo cha kiwiko palikuwa na alama nyingine mbili zilizolingana, moja upande huu wa kikunjo na ya pili upande ule, kana kwamba mtu alipiga mhuri ngozi ikiwa imekunjwa. Jirani alipomtazama alisema bila kusita kwamba mtoto amekojolewa na buibui usiku. Nilisadiki. Buibui walikuwa wamejaa kila mahali, na jibu lililo karibu huonekana ndilo jibu la kweli.

Nilimpaka dawa ya meno, kisha mafuta ya mgando. Nilipoona hakuna nafuu nikampeleka katika duka la dawa, ambapo mhudumu alisikia neno buibui kinywani mwangu na hakuuliza lolote zaidi. Alimpa sindano na vidonge vya antibiotiki, nikalipa shilingi 2,850. Ninajilaumu kwa jambo moja hapo: nilikwenda na jibu badala ya kwenda na dalili. Laiti ningesema tu kwamba mtoto ameamka na mstari wenye malengelenge, huenda mhudumu angelazimika kufikiri. Usiku huo mtoto alijikuna kidonda, kisha akajisugua jicho, na kulipopambazuka jicho la kulia lilikuwa limefumba kwa uvimbe.

Siku hiyo hiyo nilimwita fundi wa kupuliza dawa. Alipanda juu ya dari na tochi, akashuka akisema huko juu ni makao ya buibui, akataja bei ya shilingi 6,500. Sikumwuliza jina la dawa, wala kama imesajiliwa na PCPB, bodi ya taifa inayosimamia dawa za kuua wadudu, wala tukae nje kwa muda gani. Tulirudi ndani jioni ile ile, na mtoto alikohoa usiku kucha kwa harufu. Ukimwita mtu wa kazi hiyo, taka kwanza kuisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, uone namba ya usajili na maelekezo ya muda wa kukaa nje. Funika mitungi ya maji, toa vyombo na matandiko, na usikubali dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda isiyo na jina.

Ukweli niliupata kwa daktari wa macho, aliyenitoza shilingi 2,100 na kuniuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: "Mama, mtoto hulala taa ikiwa inawaka?" Nilimjibu ndiyo, kwa sababu anaogopa giza. Akanieleza kwamba ule mstari haukuwa wa buibui. Buibui hana mkojo wa kuchoma ngozi ya mtu, na anayeuma huacha alama ndogo mahali pamoja, hachori mstari mrefu wala hapigi mhuri kwenye kikunjo. Aliyefanya hivyo ni yule mdudu ambaye Wakenya humwita nzi wa Nairobi, ingawa si nzi hata kidogo, ni wa jamii ya mbawakawa. Nilipofika nyumbani nilikung'uta shuka la mtoto juu ya karatasi nyeupe, nikamwona mmoja aliyekwisha kufa: mwembamba, urefu wake kama punje ya mchele, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, kipande cha buluu nzito kinachong'aa katikati ya mgongo, na ncha nyeusi nyuma. Ni mdudu wa kupendeza kumtazama, na ndiyo maana watoto humshika.

Mdudu huyu hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili, nayo hutoka pale anapopondwa juu ya ngozi na mtu anayejipiga au kujigeuza usingizini. Athari haionekani papo hapo. Hujitokeza baada ya nusu siku hadi siku mbili, kwa hiyo anayeamka na kidonda hana kumbukumbu ya kilichomgusa, na lawama humwangukia yeyote aliyeonekana ukutani. Mvua kubwa huwaongeza. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, walienea nchini kwa wingi uliozungumzwa kwa miaka. Dawa yake ya kwanza ni rahisi kuliko yote niliyoyafanya: akikutua mpulize kwa pumzi, usimpige, na akipondeka osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, uoshe na mikono, kisha usiguse macho. Shuka lifuliwe. Kidonda cha mwanangu kilipona kwa majuma mawili na kuacha alama nyeusi iliyofifia pole pole. Tulibadilisha taa ya chumba chake, tukaweka wavu kwenye matundu ya hewa, na chandarua kikaanza kuchomekwa chini ya godoro pande zote badala ya kuachwa kikining'inia.

Hesabu ya kosa hilo ilikuwa shilingi 11,450. Majuma matatu baadaye buibui walikuwa wamerudi barazani.

Ndipo nilipomwendea mwenzangu shuleni anayefundisha baiolojia, kumwuliza kwa nini dawa ya shilingi 6,500 haikuwamaliza. Alinisikiliza, akacheka kwa upole, akasema, "Mwalimu, ulipuliza nyumba ukamwachia chakula chake." Taa ya baraza ilikuwa ingali ikiwaita visubi kila usiku. Akaongeza kwamba buibui hutembea kwa ncha za miguu, tumbo limeinuliwa, kwa hiyo dawa iliyokauka ukutani humgusa kidogo kuliko inavyomgusa mende, na mayai yake yamefungwa ndani ya hariri ambayo dawa haipenyi kwa urahisi. Unaua waliopo, wiki chache baadaye watoto wanaanguliwa.

Alinifundisha pia jambo ambalo lilibadilisha jinsi ninavyoutazama ukuta wa nyumba. Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuwindia, lakini wanaoweza kumdhuru binadamu ni wachache mno. Yule mwenye miguu mirefu kama nyuzi anayetikisa utando wake ukimgusa hana neno. Yule bapa aliyejibandika ukutani na kukimbia kwa upande hana neno. Yule mkubwa wa kahawia anayekushtua bafuni usiku hula mende. Na yule mdogo wa kuruka, mwenye macho mawili makubwa mbele, anayegeuka kukutazama ukimsogelea, ni wa kumwacha kabisa. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na wa Uganda, kuna aina moja ya hao iitwayo Evarcha culicivora, iliyopewa jina mwaka 2003 na kuchunguzwa kwa miaka mingi huko Mbita, kwenye kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu. Hana uwezo wa kututoboa ngozi anywe damu, lakini huipenda, kwa hiyo huitafuta ndani ya tumbo la mbu jike aliyekwisha kutuuma, na humpendelea Anofelesi, mbu wa malaria. Watafiti waliokuwa wakimchunguza walionyesha mwaka 2011 kwamba harufu ya soksi zilizovaliwa humvuta, kama inavyomvuta mbu mwenyewe. Niliposikia hayo niliwakumbuka wale wadogo wa kuruka waliokuwa wakizunguka dirisha la chumba cha mwanangu kabla ya fundi kuja, nami nikaona uchungu. Aina zao ni nyingi na zinafanana, kwa hiyo siwapi hao wangu jina, lakini walikuwa wawindaji wa bure.

Nilimwuliza basi ni yupi wa kuogopwa. Akanitajia mmoja wa kahawia, mwenye tumbo la mviringo, anayekaa chini ya vitu visivyosogezwa. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikaenda zangu. Sikugeuza kitu hata kimoja nyumbani. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuonywa.

Mwezi wa Agosti, shule zilipofungwa, mama mkwe alikuja kutoka Siaya kukaa nasi. Ana miaka 68 na ana presha. Jioni ya siku yake ya tatu alikwenda barazani, akashika kiti cha plastiki kwa ukingo ili akisogeze, vidole vikiwa vimekunjwa kwa chini kama sote tufanyavyo. Nilimsikia akiguna. Alisema amechomwa kitu kama ncha ya pini kwenye kidole cha kati. Nilimulika sakafu kwa tochi nikitafuta nge, nikamulika maua nikitafuta nyoka, sikuona kitu. Alama yenyewe ilikuwa kidoa chekundu kidogo mno, nikamwambia labda ni kibanzi. Baada ya nusu saa maumivu yalikuwa yamepanda mpaka kiwiko. Kilichonitisha zaidi ni kwamba mkono ule peke yake ulikuwa unatoka jasho, matone yamesimama juu ya vinyweleo, na mkono wa pili mkavu.

Nilichukua kitambaa nikamfunga juu ya kifundo cha mkono kwa nguvu zangu zote, nikiamini ninaizuia sumu isifike moyoni. Jirani alileta jiwe jeusi na wembe mpya, akataka kuchanja mahali palipoumwa ili jiwe linyonye. Mama mkwe aliutazama wembe, akauvuta mkono wake kifuani na kusema, "Mwanangu, mkono huu nimelimia miaka 40. Hautakatwa leo." Ninamshukuru Mungu kwa ukaidi wake. Mimi mwenyewe nilikuwa karibu kukubali.

Nilimpigia simu mwalimu wa baiolojia. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimefunga kitu. Tulipomulika vidole vilikuwa vimeanza kuwa vya samawati, na dakika kama 40 zilikuwa zimepita. Aliniagiza nifungue pole pole, nioshe kidole kwa sabuni na maji, niweke barafu iliyofungwa kwa taulo, nimpe parasetamoli, kisha tuondoke. Kumfunga mtu aliyeumwa na buibui hakuzuii lolote la maana, na huweza kuua nyama ya kiungo kilichofungwa. Kuchanja hufungulia wadudu wa maradhi njia. Kunyonya kwa mdomo, kumwagia mafuta ya taa na kuchoma kwa kijinga cha moto ni madhara juu ya madhara. Haya nayajua sasa. Usiku ule nilikuwa naongozwa na hofu.

Tulilipa teksi shilingi 600. Hospitalini daktari aliuliza kama tumemwona aliyeuma au tuna picha yake, tukasema hapana. Presha ya mama ilikuwa 178 kwa 102. Hatukuweza kujua ni kiasi gani kimeletwa na sumu, kiasi gani na maumivu na kiasi gani na hofu, kwa hiyo walimweka chini ya uangalizi mpaka saa nane usiku, wakampa dawa ya maumivu na chanjo ya pepopunda. Gharama ilikuwa shilingi 4,350. Daktari alitueleza kinachotakiwa kuangaliwa, nami nimekishika kwa moyo: maumivu yanayohama kutoka mkononi au mguuni na kuingia tumboni au mgongoni, misuli inayokakamaa, jasho la mwili mzima, kutapika, kupumua kwa shida. Mtoto mdogo asiyeweza kueleza atalia bila kutulia. Ukiona mojawapo usisubiri asubuhi, na kwa mtoto, mzee, mjamzito au mwenye maradhi ya moyo au presha usisubiri hata dalili hizo zitokee. Kwa mama maumivu yalibaki mkononi, na siku ya pili yalikuwa yamekwisha.

Kulipokucha nilivaa glavu za kufulia, nikakitoa kile kiti juani na kukigeuza miguu juu.

Chini ya ukingo, mahali hasa vidole vinapojikunja, palikuwa na utando usio na mpango wowote, nyuzi zimekatana huku na huko kama nywele zilizochanguka. Nilipoupitisha kijiti uzi haukukatika kimya kimya kama tandabui la kawaida; ulikuwa mgumu, nao ulitoa mlio mdogo wa kuchanika ambao niliusikia waziwazi. Ndani yake vilining'inia vifuko vinne vya rangi ya maziwa, vya mviringo, vimezungukwa na vimiba vidogo pande zote, kama matunda machanga ya mbarika. Sijawahi kuona kitu kingine nyumbani chenye umbo hilo, na hicho ndicho ningependa kila mtu akikumbuke, kwa sababu buibui mwenyewe hujificha lakini vifuko vyake haviwezi kujificha. Kila kimoja huweza kubeba mayai zaidi ya 100. Kisha nikamwona mwenyewe, amejikunyata pembeni. Tumbo lilikuwa la mviringo kama njegere, kahawia lenye madoa ya weupe na weusi, miguu ina pete za rangi nyeusi na hafifu kwa zamu. Nilipomgusa kwa kijiti alijiangusha, akakunja miguu na kulala kama mfu. Chini ya tumbo alikuwa na alama ya rangi ya chungwa, pembetatu mbili zilizogusana ncha, mfano wa ngoma iliyobanwa kiuno.

Nilimpiga picha, nikamtumia mwenzangu. Alijibu kwa jina moja: Latrodectus geometricus. Ni buibui aliyepewa jina hilo tangu mwaka 1841, na leo yuko katika nchi nyingi zenye joto, amesafiri na mizigo na samani za watu. Buibui waitwao wajane weusi, wanaojulikana Marekani, ni jamaa zake wa karibu. Sumu yake hushambulia neva, lakini kwa watu wengi aumapo maumivu hubaki karibu na mahali alipouma na kupungua ndani ya siku moja au mbili. Wala si mchokozi. Huuma anapobanwa kati ya ngozi na kitu kigumu, kama alivyobanwa na kidole cha mama, na kama anavyobanwa na mguu unaoingia katika gambuti lililokaa nje wiki nzima.

Tuligeuza viti vyote sita. Vinne vilikuwa na utando, buibui watatu na vifuko tisa kwa jumla. Viti hivyo nilivinunua katika soko la Kibuye, vimekwisha kutumiwa, nami niliviosha juu tu, mahali pa kukalia. Yawezekana niliwabeba hao wageni mwenyewe mpaka nyumbani. Tulikuta wengine chini ya stendi ya tangi la maji, ndani ya kisanduku cha mita, chini ya mpini wa mtungi uliokuwa umesahauliwa, na ndani ya tairi kuukuu la baiskeli ya mtoto. Mahali pote hapo pana sifa moja: pametulia, pana kivuli, na mkono wa mtu huingia bila jicho kutangulia. Ndani ya nyumba, chini ya vitanda na katika makabati ambako fundi alikuwa amepuliza dawa kwa bidii, hatukukuta hata mmoja.

Tangu hapo hatujanunua dawa ya kupuliza. Kila Jumamosi asubuhi viti na mitungi hugeuzwa juani, ufagio mgumu hupitishwa chini ya kila ukingo, na vifuko huangushwa kwa kijiti juu ya sakafu na kupondwa kwa kisigino cha kiatu, kwa maana ukivifagia tu mpaka kwenye maua utakuwa umehamisha familia. Kazi hiyo hutuchukua nusu saa. Taa ya baraza sasa ni ya rangi ya manjano na huzimwa saa nne, na hilo peke yake limepunguza visubi kuliko kitu kingine chochote tulichojaribu. Kuni na matofali tulivihamisha mbali na ukuta. Viatu vya nje hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, na nguo zilizolala kwenye kamba pia, kwa sababu yuko buibui mwingine wa manjano hafifu mwenye meno meusi, ambaye hujishonea kifuko cha hariri katika mikunjo ya kitambaa na kutembea usiku. Naye huuma kwa maumivu akibanwa, japo si wa kutia hofu kubwa. Kitanda cha mtoto tumekisogeza kutoka ukutani upana wa kiganja. Tandabui la buibui wa miguu mirefu kwenye pembe ya jiko nimeliacha, na mgeni akilitazama vibaya namweleza kwa nini lipo.

Liko jambo moja ambalo bado linanisumbua, nalo ni vidonda. Tangu habari zetu zienee mtaani nimeletewa watu watatu wenye majipu au vidonda vyenye usaha, wote wakisema wameumwa na buibui, na hakuna hata mmoja aliyemwona. Mimi si daktari, na nimewaambia wote waende hospitalini. Vidonda vingi vinavyodhaniwa kuwa vya buibui hutokana na bakteria walioingia katika mkwaruzo, na anayekaa nyumbani akipaka majani kwa kuwa ameshaamua mkosaji ni nani anaweza kupoteza kidole au zaidi. Kama hukumwona akiuma, usilitangulize jina lake. Kama umemwona, mpige picha au umfunike kwa glasi na kumtia katika chupa, hata akiwa amepondeka, umpeleke pamoja na mgonjwa.

Mwezi uliopita mama mkwe alinipigia simu kutoka Siaya. Kulikuwa na matanga kwa jirani yake, na lori lilikuwa limeleta viti vya plastiki vya kukodi, kama 200 hivi, vilivyokuwa vimehifadhiwa ghalani. Aliwazuia vijana wasivipange. Aliwataka wavilaze kwanza kwenye nyasi, miguu juu, naye akapita kati ya mistari na fimbo yake akivitazama kimoja kimoja, waombolezaji wakimshangaa. Alisema amekuta vitano vina vile vimbarika. Nikamwambia haraka asiviguse kwa mkono, atafute kitu kigumu avipondee. "Nimeshaviponda kwa mpini wa jembe, mwanangu," akasema. "Nimepiga simu nikuulize, vile vidogo vya kuruka vilivyokuwa juu ya kiti kingine, hivyo tuviache?"

Nikamwambia aviache.